Mita Moja kwa Heshima ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Kitambi, na mgeni akilisikia jina hilo alianza kutafuta mtu mnene, asimwone. Mwenyewe alikuwa mwembamba wa kupita kati ya nondo mbili bila kugusa hata moja. Jina alilipata kwa kelele zake. Alikuwa fundi wa kuta za gabioni, yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe na kupandishwa moja juu ya jingine ili udongo wa mlimani usiteremkie watu. Kosa alilolichukia kuliko yote ni sanduku kufura mbele kwa sababu mvivu mmoja amemwaga mawe kwa toroli badala ya kuyapanga kwa mkono. Akiliona, alisimama pale pale akapiga ukelele, "Kitambi!" na sanduku zima likafunguliwa, likamwagwa, likaanzwa upya. Miaka ishirini na saba ya ukelele huo, sasa ulitaka wamwite nani?

Kubembeleza mtu hakukujua. Wahandisi walikuwa wanamfahamu. Mmoja aliwahi kumletea mchoro wa ukuta uliosimama wima kama mlango. Kitambi aliukunja ule mchoro vizuri, akamrudishia, akamwambia akaulaze kidogo kuelekea mlimani ndipo waje waongee. Mwingine alitaka kuruka kile kitambaa kinachowekwa nyuma ya mawe ili maji yapite na udongo ubaki. Kitambi akavua kofia yake ngumu, akaigeuza, akaikalia kutwa nzima mpaka kitambaa kilipoletwa. Mkorofi hakuwa. Ila kati ya ndiyo na hapana hakuwa na neno jingine.

Elimu yake yote ilikuwa sentensi moja, na kila kibarua aliipata siku ya kwanza: ukuta hauzuii mlima kwa mikono, unauzuia kwa makalio. Maana yake ni kwamba ukuta wa namna hii hauna saruji wala nondo, unashinda kwa uzito wake tu, kwa hiyo chini lazima uwe mpana. Ukiupandisha mita tatu, upe mita mbili za kukalia. Akishasema hivyo hujikalisha chini, mgongo ameupa mlima, miguu ameitanua mbele, anawaambia wamsukume. Wanamsukuma, hatikisiki. Halafu anasimama wima kwa mguu mmoja, wanamgusa kwa kidole, anaanguka. Somo limekwisha, watu warudi kazini.

Basi mtu huyo huyo, mkimweka mbele ya mama mkwe wake, alinywea kama nguo iliyoloweshwa. Sauti ilishuka, macho yakahamia kwenye viatu. Mama wa watu hakuwahi kumtolea neno baya. Miaka thelathini iliyopita alitamani binti yake apate karani, akapata mpanga mawe, akanyamaza. Isipokuwa kila walipoonana alimuuliza kwa upole, "Mkwe, bado uko na yale mawe?" Naye alijibu, "Bado, mama," kama mtu anayeulizwa kuhusu homa.

Mama huyu, tangu awe mjane, aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mdogo, nyuma ya ua jiko la matofali lililosimama peke yake, na nyuma ya jiko mlima uliokatwa wima, mita tatu za udongo mwekundu. Mvua za mwaka jana ziliangusha bonge ukubwa wa kitanda, likakomea shubiri moja kutoka kwenye jiko. Aliombwa ahame, akakataa. Alisema ana kitanda chake, na mtu mzima hulala kwenye kitanda chake.

Mke wa Kitambi hakulalamika sana. Alimwambia mumewe asubuhi moja, wakinywa chai, kwamba anajengea ukuta shule, anajengea barabara, anajengea hata watu wasiomsalimia, na mama aliyemzaa mkewe analala chini ya mlima wa udongo. Akaendelea kunywa chai. Kesho yake Kitambi alikuwa uani kwa mama mkwe na futi yake ya kupimia.

Toka mguu wa mlima hadi ukuta wa jiko alipata mita moja na sentimita sitini. Alipima mara tatu, futi haikubadili mawazo. Ukuta wa mita tatu ulitaka mbili. Hapo hesabu ilikuwa imekwisha yenyewe: jiko litoke.

Mama alikuja na kiti chake, akakaa, akauliza ukuta utachukua nafasi kiasi gani. Kitambi akasema mita mbili. Mama akaliangalia jiko kitambo, halafu akasema kwamba jiko ni la kupikia, na nyuma ya jiko anahitaji njia ya kupita na mahali pa kuanika nguo. Kwa maoni yake mita moja inayatosha mawe.

Angekuwa mhandisi angerudishiwa mchoro wake. Lakini kueleza kwa nini mita moja haitoshi kulihitaji ile sentensi, na ile sentensi ilikuwa na neno ambalo mwanamume mwenye adabu hamtamkii mama wa mkewe hata akiwekewa panga shingoni. Yapo maneno ya heshima kwa jambo hilo, bila shaka, ila yeye hakuwa nayo. Alianza, "Mama, ukuta nao unahitaji mahali pa... unahitaji..."

"Unahitaji nini, mkwe?"

Kitambi aliiangalia futi. Futi haikumsaidia.

"Mita moja inatosha, mama," alisema.

Aliyeshangaa zaidi ni Dada Koleo. Huyu alifanya naye kazi miaka kumi na sita, akishona masanduku kwa waya, na koleo ilikuwa haimtoki mkononi hata akila. Alipoona masanduku ya mita moja yanapangwa chini, alimuuliza fundi kama yale mengine yako njiani. Fundi akasema hakuna mengine. Dada Koleo alimtazama kwa muda, akautazama mlima, akamtazama mama aliyekaa kwenye kiti chake, akaelewa. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba heshima ni kitu kizuri sana ila haina kilo. Kitambi akamwambia ashone.

Basi wakajenga safu tatu, kila moja na unene wa mita moja, juu ya nyingine, kama watu watatu waliobebana mabegani. Na ukuta ule ulikuwa mzuri, tusiufiche uzuri wake. Kitambi alichagua kila jiwe la mbele mwenyewe. Alivuta waya za ndani zinazoshika tumbo la sanduku mpaka zikalia. Aliulaza kidogo kuelekea mlimani, akaweka kitambaa, akaweka kokoto. Alifanya kila kitu kwa usahihi mkubwa isipokuwa kile kimoja, na alivyozidi kujua ni kipi ndivyo alivyozidi kuyapangusa mawe ya mbele.

Siku ya mwisho mama aliinuka kitini, akapitisha kiganja juu ya mawe, akasema yamepangwa kama na mtu aliyesoma. Ilikuwa sifa yake ya kwanza katika miaka thelathini. Kitambi alifurahi siku mbili nzima, na siku zote mbili alijiona mwizi.

Siku ya tatu mvua ilianza.

Asubuhi iliyofuata alipita kwa mama mkwe, akasema alikuwa anapita tu, ingawa nyumba ile haikuwa njiani kwenda popote. Mama alipoingia ndani kumletea chai, alichomoa futi akapima kutoka ukingo wa safu ya pili hadi ukuta wa jiko, akaweka alama ya chaki. Sentimita sabini, kumi zaidi ya kule chini kwa sababu ukuta umelazwa. Kesho yake akapita tena: sitini na tisa. Akajiambia kwamba futi imelegea. Akanunua futi mpya. Siku ya tatu futi mpya ilisema sitini na saba, na siku ya nne ilisema sitini na tatu. Kila siku mama alimuuliza ukuta unaendeleaje, na kila siku alijibu kuwa unaendelea vizuri, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa kweli, maana ulikuwa unaendelea.

Siku ya tano asubuhi, kabla hajatoka, mkewe alimuuliza habari za ukuta wa mama.

"Upo," alisema.

"Sikuuliza kama upo."

Akaweka kijiko chini. Alikuwa anaogopa, na alijua anaogopa nini. Ukuta aliuogopa, kwa kuwa alijua uzito wa kila sanduku na alijua kitanda cha mama kiko hatua ngapi kutoka pale. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa ukuta. Kilikuwa ule uso wa mama akisikia kwamba mpanga mawe, jambo moja analolijua duniani, amelikosea. Aliona haya kwamba hofu hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Akamweleza mkewe yote. Mkewe hakumfokea. Alimletea koti la mvua, akamfungulia mlango, akasimama hapo ameushika mpaka alipotoka.

Alimpitia Dada Koleo na vibarua watatu. Walipofika uani manyunyu yalikuwa yanaendelea, na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mkwe haingii jiko la mama mkwe wake. Kitambi alisimama mlangoni.

"Mama, toka humo."

Hakuwahi kumwamrisha. Mama alitoka na mwiko mkononi, kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Kitambi akapiga moyo konde.

"Ukuta unakuja huku. Nimekosea, mama. Mita moja haitoshi, na siku ile ile nilijua haitoshi. Sikukwambia kwa sababu nakuogopa. Ukuta hauna makalio."

Vibarua walitazama juu kama watu wanaongoja ndege. Dada Koleo aliikagua koleo yake, upande huu, kisha upande ule.

"Yanatakiwa mapana kiasi gani?" mama aliuliza.

"Mpaka lilipo jiko. Na jiko lenyewe lote."

Mama aliutazama mwiko, akaukung'uta, akauweka kwenye ndoo. Halafu akasema, kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za mawe, kwamba nguo huwa anaanika mbele ya nyumba. Nyuma ya jiko hajawahi kuanika hata leso.

"Jiko hili alilijenga marehemu," alisema. "Mwenyewe, bila fundi. Ule ukuta wa dirisha umepinda tangu siku ya kwanza. Niliuona kabla hata udongo haujakauka. Sikumwambia."

"Kwa nini, mama?" Kitambi hakuwahi kumuuliza mama mkwe wake kwa nini.

"Alikuwa amefurahi sana." Alifuta mikono kwenye kanga. "Akaupiga chokaa kila mwaka, nami nikawa namshikia ndoo. Akafa akijua umenyooka."

Aliingia ndani, akatoka na mfuko mmoja wa nguo.

"Vunjeni," alisema. "Ila mimi nisione."

Kibarua mmoja alimshikia mwavuli hadi kwa binti yake. Waliobaki walianza juu, kwa sababu ukuta unaoanguka hupunguziwa kichwa kwanza. Walifungua masanduku ya safu ya tatu wakatoa mawe kwa mkono, moja baada ya jingine, bila mtu kuinua sauti. Kufikia saa tano uzito wa juu ulikuwa umeshuka na futi imesimama kwenye hamsini na nane. Hapo ndipo wakaligeukia jiko. Kufikia saa kumi, mahali pa jiko palikuwa na masanduku mapya chini, yamejazwa, yameshonwa na yale ya zamani kuwa kitu kimoja, mita mbili kamili na sentimita kumi za nyongeza ambazo hakuna aliyeziomba. Safu za juu zingemaliziwa kesho, kila moja nyembamba kuliko ya chini yake kama ngazi, inavyotakiwa. Mvua ilikaza jioni ile ile, na Kitambi alisimama nayo uani karibu saa nzima, futi mkononi, akipima hadi kamba aliyoivuta pale ukuta wa jiko ulipokuwa. Hamsini na nane. Hakuna kilichotembea.

Alipofika kwake alikuta mama amekaa sebuleni, mfuko wa nguo bado miguuni, haujafunguliwa. Alimwambia ukuta umesimama, na kwamba baada ya siku tatu anaweza kurudi kwenye kitanda chake. Mama akaitikia kwa kichwa. Hilo hakuwa na shaka nalo, ilionekana. Alikuwa anangoja jambo jingine.

"Na jiko," alisema. "Liliwasumbua?"

Alikuwa anataka kusikia nini, hata mtoto angejua. Kwamba nyundo zilivunjika mpini. Kwamba mafundi wanne walihema. Mume wake alikuwa amelala kaburini mwaka wa tisa, na kumtilia chumvi kidogo kusingemdhuru mtu. Kitambi aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake.

"Hapana, mama," alisema. "Ule ukuta wa dirisha niliusukuma kwa mkono mmoja. Ukaenda."

Mama alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na akacheka, akacheka mpaka binti yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini, akacheka akimpigapiga mkwewe gotini kwa kiganja, akisema, kwa mkono mmoja, jamani, kwa mkono mmoja. Kicheko kikaisha, machozi hayakuisha. Aliushika ule mkono wa Kitambi, wa kulia, akauliza ndio huu, naye akasema ndio huo, mama.