Mkutubi Anayejenga Nukta Nundu

Tarehe 9 Juni 2014, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mkutubi mmoja alifuta mstari mmoja katika programu ambayo hakuiandika yeye. Kumbukumbu ya mabadiliko ipo wazi, yeyote anaweza kuisoma. Tangu hapo ameifanyia mabadiliko elfu moja mia tatu na kumi na mawili, na hakuna hata moja lililogusa kazi yenyewe ya programu hiyo, yaani kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, zinazosomwa kwa vidole na wasioona.

Yeye anatunza ujenzi. Programu ni huria: haiuzwi, na kila mtu anaruhusiwa kuuchukua msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda. Lakini msimbo huo ni kama kitanda kilicholetwa vipandevipande. Lazima mtu aangalie kwanza chumba kina nafasi gani na bisibisi ipo au haipo. Mafaili ya mkutubi huyu ndiyo yanayoiuliza kompyuta maswali hayo, kisha yanaunganisha vipande. Yakifanya kazi vizuri, hakuna anayejua kama yapo.

"Kazi isiyo na asante," husema dada yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, asiyeona, anayeishi naye. "Imekukaa kweli."

Alhamisi hii asubuhi alipigiwa simu na mpiga chapa wa shule ya wasioona. Kompyuta yao ya zamani ilikuwa imekata roho, mpya imefika, na toleo jipya la programu limegoma kujengeka. Mtihani wa hesabu ni Jumatatu.

"Mama, maswali yote imejibu vizuri, halafu inaanguka katikati. Inadai faili la alama za hesabu."

"Mbona kwangu inajengeka?"

"Kwako! Basi niwalete wanafunzi wote wafanyie mtihani hapo kwako."

Alicheka, kisha akafungua kumbukumbu ya mabadiliko. Wiki mbili kabla alikuwa amefuta swali moja: je, kompyuta hii ina faili la alama za hesabu? Aliamini siku hizi kila kompyuta inalo. Yake ilikuwa nalo kwa sababu aliliweka mwenyewe miaka tisa iliyopita, akasahau kabisa.

"Nitumie hilo la kwako," mpiga chapa akambembeleza. "Dakika mbili tumemaliza, na hakuna atakayejua."

Lilikuwa jambo la kutamanisha. Vinginevyo ingebidi aliondoe toleo hilo mbele ya watu wote, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuondoa toleo lililokwisha kutoka. Hata hivyo, kabla ya kulituma faili alilitumia kuchapa ukurasa mmoja wa hesabu kwenye mashine ya nukta nundu ya maktaba, ambayo kwa kawaida huchapa hadithi na magazeti tu, akaenda nao nyumbani wakati wa chakula cha mchana.

Dada yake alipitisha kidole mara moja, akarudia.

"Mdogo wangu, hapa tunajumlisha au tunafanya nini?"

"Tunajumlisha, dada."

"Kwa alama za enzi zangu! Watoto wa sasa hawazijui hizi. Ungelifelisha darasa zima, tena ukiwa umekaa ofisini kwako raha mustarehe."

Alirudi kazini, akaliondoa toleo na kuandika mahali ambapo watunzaji wenzake wote wanasoma: "Kosa ni langu. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu peke yake." Nakala sahihi ya alama ilikuwemo ndani ya msimbo siku zote, kwa hiyo aliuamuru ujenzi utumie hiyo daima, usiulize tena. Kisha akaazima kompyuta ya mapokezi, ambayo haikuwa na faili lake hata moja, akaanza upya. Mara ya kwanza iligoma: kuna mahali alipoiandikia itafute kitu katika folda ya kompyuta yake mwenyewe. Akajisonya, akarekebisha. Mara ya pili ilijengeka.

Ijumaa saa tano mpiga chapa alipiga tena. "Imekubali, mama! Mashine inapiga kelele hapa, sikusikii."

"Usichape zote. Niletee karatasi moja kwanza."

Jumamosi asubuhi karatasi hiyo itafika nyumbani, na dada yake ataisoma kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Akiridhika, nyingine sitini na tatu zitachapwa siku hiyohiyo.