Eafraya na Sahani ya Mama

Wanawake wa mtaani kwetu hapa Kilindoni wananiuliza kila siku: hiyo eafraya inafaa, tununue? Wananiuliza mimi kwa kuwa nilikuwa wa kwanza mtaani kuwa nayo, na kwa kuwa nina mdomo. Anayetaka jibu la ndiyo au hapana simpi. Akae nimhadithie, kisha aamue mwenyewe.

Niliinunua kwa ajili ya mama. Asubuhi moja alianguka uani na kata ya maji mkononi, na tulipomwinua mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja na mkono wa kulia haushiki kitu. Presha. Mungu akamrudisha, mdomo ukanyooka, mkono ukabaki na kutetemeka. Daktari akamtazama mama, akanitazama na mimi, akasema: mafuta basi, chumvi punguzeni, akianguka tena siwaahidi kitu. Nikasema moyoni, haanguki tena. Mimi nikishika jambo sishiki kwa ncha za vidole.

Tabu ni kwamba mama yangu hajui kula wali bila samaki wa kukaanga. Changu au tasi, achanjwe, apakwe chumvi, ndimu na pilipili, azamishwe kwenye mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, mpaka mapezi yatafunike kama kaukau. Sikutaka kumnyang'anya. Ndipo nikasikia kuna jiko la umeme linalokaanga kwa upepo wa moto, ndiyo hiyo eafraya, mafuta kijiko kimoja au bila kabisa. Nikaagiza Dar, likaja na boti, nikalifuata bandarini kwa bodaboda, nikarudi nimelipakata.

Siku ya kwanza nilimpaka samaki viungo kama siku zote, nikamtia ndani, nikazungusha kitufe mpaka mwisho, maana kukaanga tunakokujua sisi ni kwa moto mkali. Alitoka amekakamaa. Mama akamgonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Mwanangu, huyu umemkaanga au umemwanika? Huyu ni ng'onda."

Wifi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikanuna, lakini sikuacha. Nikajifunza kwamba moto uwe wa wastani, samaki afutwe maji, apakwe mafuta kwa vidole tu, ageuzwe katikati. Nikajua kwamba muhogo lazima uchemshwe kwanza, kwamba kuku anatoka vizuri kuliko wote, na kwamba chochote cha urojo wa unga kinachuruzika chini na kuganda, utakwangua mpaka uchoke. Baada ya wiki mbili samaki wangu alikuwa na ngozi ya kuvunjika na nyama laini. Mama alionja, akasema, "Haya, sasa huyu ni samaki." Kichwa kikanivimba.

Sasa, kikapu cha mashine ile ni kidogo. Kinachukua samaki wawili wa kadiri, watatu ukiwabana. Na nyumbani tuko wanane: mama, mimi niliyerudi kwetu baada ya talaka, kaka yangu mvuvi, mkewe, na watoto wao wanne. Nikaona la busara ni hili: wao wakaangiwe kikaangoni kama kawaida, mama apikiwe kwenye mashine. Na kwa kuwa chakula chake ni mbali na chao, nikamtengea sahani yake, nzuri, ya maua. Nikaifunika kawa, nikampelekea kwenye kiti chake ukumbini.

Nilikosea, na wala sikujua. Nyumba nyingine za hapa wanaume hula kwao na wanawake kwao. Kwetu, tangu baba afariki, mama alituita wote kwenye sinia moja. Yeye hukaa upande wa mlangoni. Wali unatandazwa, samaki wanawekwa katikati, na mama ndiye anayewamegua kwa vidole, anatoa miiba, anasukuma kinofu mbele ya kila mtu. Hakuna anayejimegea mwenyewe. Kaka yangu ana ndevu, lakini hugojea kinofu chake sawasawa na mwanawe wa mwisho. Mimi nikamtoa mama pale mlangoni kwa mikono yangu, nikajiona nimefanya jambo.

Sahani ilirudi tupu kila siku. Nikawa nashukuru. Lakini kanga ilianza kumzunguka mama mara mbili, na mifupa ya mabega ikachomoza. Kliniki wakampima uzito, nesi akaguna. "Bibi amepungua sana. Anakula?"

"Anakula, nampikia mwenyewe," nikajibu, kwa jeuri kidogo.

Nesi akamgeukia mama. Mama akasema, "Nakula," huku ametazama sakafu.

Siku chache baadaye nilimpelekea sahani yake, nikaenda zangu dukani. Njiani nikakumbuka nimesahau simu, nikarudi. Kitini hayupo. Nikamkuta nyuma ya jiko, kashika sahani ya maua, anawamwagia paka. Paka watatu, na wawili wala si wetu.

Hasira zikanipanda. "Mama, mimi nahangaika na kitanda changu sikioni, wewe unalisha mapaka? Unataka kufa?" Sijapata kumsemesha mama vile, na mpaka leo naona haya.

Hakujibu kwa ukali. Aliifuta sahani kwa upindo wa kanga, akanikabidhi. "Baba yako alipougua, nani alikuwa akimpelekea chakula?"

"Mimi, mama."

"Kwenye sahani yake."

"Ndiyo."

"Alirudi kula na wenzake?"

Baba alikulia sahani ya peke yake tangu siku aliyolala mpaka siku tuliyomfunika shuka.

"Basi nilipoiona hii sahani," mama akasema, "nikajua mmeshanitoa katika hesabu. Nikaona hao paka bado wana maisha, wacha wale wao."

Nilikaa palepale penye majivu nikalia. Nilimlilia mama, nikamlilia baba pia, kwa sababu nilikuwa sijawahi kujiuliza yeye aliionaje ile sahani. Nilipomaliza kulia nikanawa uso, nikaingia ndani nimeshaamua.

Jioni ile nilitangaza kwamba nyumba hii mafuta basi, kwa wote. Kaka yangu akaweka kikombe chini.

"Dada, mimi naumwa? Natoka baharini mwili wote chumvi, unipe samaki wa upepo?"

"Anayetaka mafuta akaange mwenyewe, na asikae kwenye sinia hili."

"Sinia lenyewe ni la mama."

"Ndiyo maana nasema."

Alinikata jicho, lakini alikaa. Mama naye akarudi mlangoni pake.

Tangu hapo, kazi ikawa kazi kweli. Nikishaswali alasiri naanza awamu ya kwanza, na mpaka magharibi niko ya nne. Walioiva mwanzo wakikaa kwenye hotipoti wanalowa kwa mvuke, inabidi niwarudishe motoni kidogo kabla ya kupakua. Umeme wa luku unakwenda mbio. Wifi yangu alianza kwa kunung'unika, akaishia kushika zamu. Nikiwa mkweli, nyumba ya watu wawili mashine ile ni raha, nyumba ya watu wanane ni adhabu. Na mimi niliibeba adhabu hiyo bila kujuta, kwa sababu mama alikuwa anakula. Nilimwona kwa macho yangu, tonge kwa tonge.

Kisha jioni moja umeme ukakatika awamu ya pili haijaingia. Samaki watatu wameiva, watano wabichi, wali umeshapakuliwa, watoto wamezunguka sinia. Nikawaza haraka: hawa watatu wa mama, wengine nitawapitisha kwenye mafuta, watoto wapate kula, yaishe. Na mkono wangu, bila mimi kuuagiza, ukapanda kabatini ukashusha sahani ya maua.

Mama aliniona. Alishika ukuta, akaanza kuinuka mkekani aende kwenye kiti chake.

"Mama, kaa," kaka yangu akasema. Yule yule wa samaki wa upepo. Akanitoa sahani mkononi, akairudisha kabatini, akawachukua samaki wabichi akawatia sufuriani na maji, ndimu na pilipili, akabandika kwenye mkaa. Chukuchuku, samaki wa kuchemsha ambaye mama alitulea kwa huyo, na hana hata tone la mafuta. Na mimi nilikuwa nimeagiza mashine ng'ambo ya bahari.

"Watoto wana njaa," mama akasema.

"Watangoja. Tunakula wote."

Tuligoja kwa mwanga wa simu. Mtoto wa mwisho alisinzia, akaamshwa. Samaki waliochemka wakawekwa pamoja na wale watatu, sinia moja, na mama akaanza kumegua. Mkono ulitetemeka, kinofu kikadondoka mkekani, akakiokota, akapuliza, akakisukuma mbele ya kaka. Hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia.

Kinofu changu kilipofika sikuweza kukila. Nikasema, "Mama, nisamehe. Mkono ulikwenda wenyewe."

Hakuniangalia. Alikuwa anatafuna.

"Siku yangu ikifika mtaiona," akasema. "Leo nina njaa. Hebu sogeza hicho kichwa cha changu."

Nikakisogeza.