Sangara Aliyemmeza Nabii

Nilipokuwa mtoto Mabatini, televisheni ya karibu ilikuwa kwa mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili, nyumba mbili kutoka kwetu. Watoto wa mitaa mingine walitazama katuni za kupigana na kukimbizana. Sisi tulitazama katuni za Biblia, maana mikanda aliyokuwa nayo ilikuwa hiyo tu, minne, aliyoachiwa na wageni wa kanisa. Na hata hiyo hatukuiona vizuri. Katuni zilizungumza Kiingereza, kwa hiyo mwalimu alisimama mbele ya kioo, kiuno kimeziba nusu ya picha, akitutafsiria.

"Mwalimu, hatuoni," kaka yangu alisema kila Jumamosi.

"Tulieni. Mnataka kuona nini, na mimi nawaambia?"

Mkanda tulioupenda ulikuwa wa nabii aliyekataa kutumwa, akatoroka majini, akamezwa na samaki. Kwa tafsiri ya mwalimu, dhoruba ilimkuta akivuka kwenda Ukerewe, na samaki alikuwa sangara. Mle tumboni sangara alimwuliza, "Mama yako alikutuma maji, kwa nini ulijifanya hujasikia?" Nabii akalia, akaahidi kuosha vyombo bila kuambiwa. Niliamini kila neno. Nyumbani niligoma kula sangara karibu mwaka mzima, nikisema huenda ndani yake kuna mtu. Mama alibembeleza mpaka akachoka, akawa ananiwekea ugali na mlenda.

Sasa nina binti wa miaka sita, na katuni zake za kwenye simu zinanichosha. Zinapiga kelele, zinabadilika kabla hujajua nani ni nani, na yeye akishazitazama anaongea kwa kelele hizo hizo. Jumapili moja, nyumbani kwetu Kiseke, nikasema nitamwonyesha katuni ya maana. Nikaitafuta ile ya nabii mtandaoni, nikaipata, picha zile zile. Safari hii Kiingereza nilikielewa.

Samaki hakusema neno. Muda wote tumboni nabii anasali tu na muziki unalia. Ukerewe haimo, maji hayamo, vyombo havimo. Binti yangu alishuka kwenye kochi kabla hata dhoruba haijaisha.

"Mama, inaboa."

Nilikasirika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Katuni hiyo nimewasimulia watu chuoni, nimewasimulia kazini, nilimsimulia hata mume wangu tulipokuwa wachumba, na kumbe haikuwahi kuwepo. Jumamosi iliyofuata nilimshika binti yangu mkono tukaenda Mabatini. Mwalimu bado anaishi pale pale. Siku hizi miguu inamsumbua, na mikanda ilishatupwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

Nikamwekea katuni kwenye simu. Aliitazama akiwa ameishikilia mbali na macho.

"Mwalimu, huyu samaki hasemi kitu."

"Hasemi," akakubali, wala hakushtuka.

"Ulituambia anasema."

"Wale walikuwa wanakimbia na Kiingereza chao. Nikidaka neno moja, kumi yamenipita. Sasa ningewaacha mkae tu?"

"Na hayo ya kutumwa maji?"

"Hayo aliniomba mama yako. Mwaka ule ulikuwa hushiki ndoo."

Mama yangu, aliyenibembeleza nile sangara mwaka mzima, ndiye aliyemtia samaki huyo maneno mdomoni. Nilikuwa na maswali mengine, na mengine ya ukali, lakini binti yangu alikuwa ameshasogeza kigoda hadi magotini pa mwalimu.

"Bibi, kwani samaki alisemaje?"

Mwalimu akanirudishia simu yangu. "Alimwuliza nabii, kwa nini ukiitwa kula huiachi simu?"

Binti yangu akainama, akatazama mikono yake. Akauliza nabii alijibu nini. Hapo nikajua nimeshindwa.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi ananing'ang'ania twende. Nguo nimeloweka, nyumba haijafagiliwa, mimi natafuta viatu. Tukifika, mimi nakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza mafundisho ambayo hayamo katika Biblia yoyote niliyowahi kuifungua. Nikijaribu kusahihisha, wote wawili wananitazama kama niliyekohoa wakati wa sala. Wiki iliyopita nabii alikuwa amehamia Busisi, anafuga ng'ombe, na amegombana na majirani kwa sababu ya uzio.