Advik, Jina Lisilo na Mwenzake

Fabian Nyakundi hakupenda kufanana na mtu. Tulipokuwa tukikaa naye Najma, mtaa wa Doha, kitanda juu ya kitanda, alinunua viatu vya kahawia vyenye ncha ndefu kama mdomo wa korongo. Wiki iliyofuata Tony, aliyelala kitanda cha juu yake, akarudi kutoka sokoni na viatu vya aina hiyo hiyo. Fabian alivua vyake, akampa Mnepali aliyekuwa akifagia ngazi, akaenda kazini na raba.

Tulimcheka, lakini alikuwa na sababu. Alikuwa amefika Doha mwaka 2006 kuwa mlinzi wa hoteli, na huko getini hakuna aliyewahi kumwita Fabian. Madereva walimwita sadiki, yaani rafiki kwa Kiarabu. Wageni walimwita sekyuriti. Meneja alimpigia mluzi. Jina lake lilikuwa limebandikwa kifuani kwa herufi za dhahabu, ila huu ni mji ambao watu hung'ang'ania namba adimu za magari, na mtu aliyesimama kando ya magari hayo hana haja ya jina. Miaka ikapita hivyo. Alipopandishwa cheo akawa msimamizi wa walinzi, akamwoa Nyaboke, muuguzi wa kutoka kwao Kisii, wakapanga nyumba ya chumba na sebule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mwaka 2013 Nyaboke akapata mimba, na daktari akasema ni mvulana.

Kwa Wakisii jina la mvulana halina mjadala, hurithi la babu aliyefariki. Babake Fabian, mzee Nyakundi, alikuwa amefariki, kwa hiyo mtoto ni Nyakundi, chai inywewe, watu waende nyumbani. Mamake Fabian, Jerusha, alikuwa tayari ameliambia kanisa zima.

Fabian akafungua intaneti.

Kwa wiki kadhaa alishinda kwenye tovuti za majina ya watoto. Akija kututembelea, simu iko mkononi, kidole kinapanda na kushuka. Hatimaye Ijumaa moja, tukiwa tumeketi kwake tunakula ugali na samaki, akatuambia tunyamaze.

"Nimelipata," akasema. "Advik."

"Adi nani?" Tony akauliza.

"Advik. Asili yake Kisanskriti. Maana yake wa pekee, asiye na mfano, asiye na wa pili. Na ni jina adimu sana. Hapa wameandika: adimu sana."

"Adimu wapi?"

"Adimu ni adimu, Tony. Dhahabu ni adimu wapi?"

Ukurasa wenyewe ulieleza, chini kabisa kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani, kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya watoto wa Marekani. Fabian hakuwa mtu wa maandishi madogo. Alikwisha kuanza mhadhara. Kisanskriti ni lugha ya kale, akasema, ya mashairi na ya sala, si lugha ya kuzungumzwa ovyo barabarani.

"Sasa kama haizungumzwi," Tony akasema, "huyo mtoto ataitwa na nani?"

"Umewauliza Wahindi?" akauliza Nyaboke kutoka jikoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mimba ya miezi minane na zamu za usiku, na hasira inataka nguvu.

"Wahindi gani? Hawa wa dukani? Hawa watajua nini kuhusu Kisanskriti?"

Hapo ndipo ungetaka kumshika mtu mabega umtikise. Ghorofa ya chini yake palikuwa na Wahindi. Ghorofa ya juu, Wahindi. Kinyozi wake Mhindi, fundi wa AC Mhindi, muuza mboga Mhindi. Katika mji ambao ukipiga chafya Wahindi watatu wanakuombea afya, Fabian alikwenda kuuliza jina la Kihindi kwenye simu.

Vita vikubwa vilikuwa na mamake. Jerusha alipiga simu baada ya kuambiwa, na Fabian akaweka spika ili tusikie jinsi atakavyomwelimisha.

"Mama, ni jina la Kisanskriti."

"Huyo Sanskriti ni nani? Ni mtu wa ukoo gani?"

"Si mtu, Mama. Ni lugha."

"Kwa hiyo umemwita mjukuu wangu lugha?"

"Mama, Nyakundi litakuwepo. Litakuwa nyuma, jina la ukoo."

"Nyuma kwa nini? Baba yako alitembea mbele maisha yake yote." Kisha akasema kwa upole wa kutisha: "Litamke tena nilisikie vizuri hilo la mbele."

"Advik."

"Atibiki," akasema Jerusha, kama mtu anayeonja dawa. "Haya. Mimi nitamwita Nyakundi. Wewe mwite hiyo Atibiki. Tutaona ataitika wapi."

Mtoto akazaliwa salama, mnene, mwenye paji la babu yake. Fabian alikwenda bekari kuagiza keki. Muuzaji, kijana Mhindi wa Kerala, akashika mfuko wa krimu, akaandika ADVIK bila kuuliza herufi hata moja. Mtu mwingine angeshtuka. Fabian alirudi akisema bekari ile ina wataalamu.

Miezi miwili baadaye akampeleka mtoto kliniki kupata chanjo. Nyaboke alikuwa zamu, kwa hiyo alikwenda peke yake, amevaa suti kana kwamba sindano ni yake. Ukumbi ulikuwa umejaa. Muuguzi wa Kifilipino akatoa kichwa mlangoni, akaita, "Advik!"

Fabian akasimama polepole, kama mtu anayeitwa kupokea nishani. Alipoinua macho akawaona wanaume wengine wawili wamesimama, kila mmoja na mtoto begani.

Muuguzi akashusha pumzi. "Advik yupi?"

Mmoja wa wale wanaume, mtu mfupi mwenye uso wa furaha aliyeitwa Sudheer, akamgeukia Fabian. "Ndugu yangu! Wewe pia?"

"Mimi nini?"

"Advik! Huyu wangu Advik, wa huyu bwana Advik, na wako Advik! Mke wako ni Mhindi?"

"Mke wangu ni Mkisii."

Sudheer akafikiri. "Kisii," akasema kwa heshima. "Hiyo iko jimbo gani?"

Fabian akamweleza kwamba iko Kenya. Sudheer alifurahi zaidi. Alimkumbatia, watoto wakagongana vichwa, wakaanza kulia. Akamwambia dadake ana Advik huko kwao Kochi, jirani yake wa mlango wa pili ana Advik, na bosi wake ana Advik ambaye bado hajazaliwa. Mwaka huo jina hilo lilikuwa kila nyumba.

"Kwa nini mlichagua jina moja wote?" Fabian akauliza, na sauti ilikuwa imepungua.

"Mke wangu alilipata kwenye intaneti," Sudheer akasema. "Waliandika kwamba ni adimu sana."

Fabian alipomsimulia Nyaboke jioni ile, Nyaboke alicheka mpaka akashika ubavu. Akamwomba arudie pale pa jimbo. Fabian hakurudia. Wala sisi hakutuambia. Tulisikia kwa Nyaboke. Kwetu aliendelea kusema kwamba jina la mwanawe halina mwenzake kati ya Mombasa na Kisumu, jambo ambalo labda lilikuwa kweli, ila yeye hakuwa akiishi kati ya Mombasa na Kisumu.

Mtoto akakua, mrefu na mcheshi. Mwaka 2017 akaingia chekechea. Mwalimu aliwapokea wazazi, akaeleza kwa adabu kwamba darasani kuna kina Advik wanne, na ili wasichanganyikane kila mmoja ataongezewa herufi ya jina la pili. Wa kwetu angekuwa Advik N. Kwa bahati mbaya alikwishakuwepo Advik Nair. Basi Advik Nyakundi, wa pekee, asiye na mfano, akaandikwa kwenye mkoba, kwenye kikombe na kwenye kiti chake: Advik Mrefu.

Siku hiyo Fabian alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu. Kisha akashika simu. Nyaboke alimwona kidole kimeanza tena kupanda na kushuka.

"Unatafuta nini?"

"Kuna jingine. Advitiya. Hili ni la ndani zaidi. Tutabadilisha tu cheti."

Nyaboke akaweka chini nguo alizokuwa akikunja. "Sikiliza, Baba Advik. Ukibadilisha jina la mtoto, nami nitabadilisha la baba yake."

Aliulizwa mtoto mwenyewe, maana alikuwa pale akila ndizi. Baba akamwuliza kama angependa jina jipya, zuri, lake peke yake. Mtoto akamtazama kama mtu aliyeambiwa ataachwa uwanja wa ndege.

"Mimi ni Advik Mrefu," akasema. "Kuna Advik Nair, Advik Meno na Advik S. Sisi ni wanne. Nikibadilisha, nitacheza na nani?"

Kilio kilichofuata kilisikika ghorofa zote, na Wahindi wa juu wakateremka kuuliza kuna nini. Wakaambiwa ni Advik. Wakasema, "Wetu pia analia hivyo hivyo."

Mwaka 2018 Sudheer, ambaye mwanawe ndiye huyo Advik Meno, alipendekeza wafanye sherehe moja ya kuzaliwa, kwa kuwa watoto watatu walizaliwa karibu karibu. Keki moja ingetosha, akasema, na jina litaandikwa mara moja. Tulialikwa, tukaenda. Kulikuwa na biriani, mahamri ya Nyaboke, na babu na bibi waliokuja matembezi kutoka India. Sudheer akagonga glasi akamwomba Fabian aseme machache kuhusu jina, kwa kuwa ndiye aliyelitoa mbali zaidi.

Mtu mwenye busara angeshukuru, akakaa. Fabian alisimama, akafunga kifungo cha koti, akawafundisha Wahindi Kisanskriti. Akaeleza ukale wake, akaeleza mashairi, akafika kwenye maana. "Advik," akasema akinyoosha mkono, "ni yule asiye na wa pili. Mwanangu, njoo hapa mbele watu wakuone. Advik!"

Wakaja watano mbio, wa tano akiwa mtoto wa mgeni ambaye hakuna aliyemjua. Bibi mmoja wa Kihindi alicheka hadi akatolewa nje apigwe na upepo. Tony alicheka hadi akamwaga soda. Fabian alibaki amesimama katikati ya watoto wake watano, mkono bado umenyooka, asijue aushushe juu ya kichwa gani.

Mwaka uliofuata Nyaboke akajifungua binti. Safari hii hakuna simu iliyofunguliwa. Akiwa bado kitandani hospitalini alisema mtoto ataitwa Kemunto, jina la mamake mzazi, na kwamba mambo yameishia hapo.

"Maana yake nini?" Fabian akauliza kwa unyenyekevu.

"Maana yake ni mama yangu."

Fabian akakubali. Alikuwa amechoka pia, nasi tukadhani amejifunza. Lakini mazoea yana taabu. Usiku ule alifungua tovuti yake ya zamani ya majina, akaandika Kemunto. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukamwambia hakuna jina kama hilo.

Kesho yake alifika kwetu Najma na peremende, uso unang'aa. "Jamani," akasema, "nimepata binti, na jina lake halipo hata kwenye mtandao. Ni adimu kupita kiasi."

Pale Kisii ukisimama sokoni siku ya gulio ukaita Kemunto, wanawake wanaogeuka watajaza basi. Tony alifungua mdomo amwambie. Tukamkanyaga mguu, tukala peremende.