Trei Mbili za Shangazi Tumaini

Nikisikia harufu ya trei ya mayai iliyolowa, narudi barazani kwetu Njombe asubuhi moja ya Julai, ukungu umetuzingira, mimi na kaka yangu Baraka tunatetemeka ndani ya masweta.

Nawaomba msicheke: siku ile tulikuwa kompyuta.

Shangazi Tumaini alikuwa amepunguzwa kazi Dar es Salaam, miaka ile ya soko huria ambapo watu wazima walirudi nyumbani na masanduku yao wakisema wamekuja kupumzika. Huko alikuwa akiandika programu za kompyuta moja kubwa iliyojaza chumba kizima. Sasa Mzee Salumu, mwenye malori Makambako, alitaka programu ya kuorodhesha mizigo, na ofisi yake ya Dar ilikodi muda kwenye mashine kama hiyo. Programu ikikubali, shangazi anapata kazi. Ikigoma, basi tena. Karatasi alizoiandika programu hiyo zilitakiwa kuondoka na lori mchana huo, na Njombe nzima haikuwa na mashine ya kuijaribia.

Ndipo akatukalisha sisi. Baraka alisoma kadi ya mzigo na kupanga punje za mahindi kwenye trei ya mayai, kila aina ya mzigo na kishimo chake. Mimi nilizitaja kwa sauti, naye shangazi akafuata mistari yake kwa kalamu. Trei zilikuwa mbili ili asiwepo wa kumsubiri mwenzake: mimi nikisoma moja, Baraka anajaza nyingine. Nikimaliza, natoa punje bila hata kuambiwa, namrudishia.

"Haya mashine, kazi!" alisema, nasi tukanguruma.

Kadi ya kwanza ilikuwa na viazi, mahindi, maharage na ngano ya Matamba. Nikazitaja, nikarudisha trei. Trei hiyo ilipokuja tena na kadi ya tatu, ya mama mmoja wa Kidugala aliyetuma viazi tu, nikataja, "Viazi... na ngano."

Shangazi akainua kichwa. "Ngano imetoka wapi?"

"Niliiacha mimi, shangazi."

"Kwa nini, we mtoto?"

"Mama anasema chombo cha mtu hakirudishwi kitupu."

Na kweli kwetu ndivyo ilivyokuwa. Bakuli la jirani lilirudi na chochote, hata parachichi moja.

Nikajiandaa kulia. Lakini shangazi alikuwa anapekua karatasi zake, midomo ikimcheza. Hakuna mahali alipoiamuru mashine isafishe trei kabla ya kupokea kadi mpya. Mashine yenyewe ingemwandikia yule mama ngano asiyoituma, na kila orodha fupi ingebeba mabaki ya ndefu iliyotangulia. Akaongeza mstari mmoja, akanikumbatia hadi mbavu zikauma, akacheka mpaka machozi.

Kazi aliipata. Nami nikatamba mtaa mzima kwamba nimekamata kosa la kompyuta. Leo naandika programu mwenyewe, na najua kwamba sikukamata kitu, nilikuwa na adabu tu. Najua pia kuhusu yale machozi niliyodhani ni ya kicheko. Shangazi yangu alikuwa na hofu tangu aliposhuka basi, na hakuwa amemwambia yeyote.