Daftari la Walt na Mechi ya Kumi na Mbili

Walt Drozdowski nimemjua miaka hamsini, na arobaini na tisa kati ya hiyo nimemkasirikia. Alikuwa fundi wa mabasi ya jiji mpaka alipostaafu. Mkaidi, mbishi, neno tamu kwake halitoki hata ulivute kwa koleo. Lakini mtu wa parokia yetu akilazwa, wa kwanza kufika na supu ni yeye. Ugonjwa wake mwenyewe ni mmoja tu, timu yetu.

Mpira wetu wa Kimarekani, ule wenye ncha mbili unaobebwa mikononi, una siku yake kila Aprili. Timu zinapokezana kuchagua vijana kutoka vyuoni, na iliyoshika mkia inachagua kwanza. Sisi tumechagua kwanza mara nyingi mno, na mkia bado tunao. Mchagua nazi hupata koroma, nasi makoroma tumejaza ghala.

Wote hao Walt kawaandika katika daftari la buluu. Anaandika alichokiona kwa macho yake tu, si cha gazetini, maana anajigamba kwamba tangu azaliwe hajatoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya siku ya kuchagua, Misa ikiisha, tunakula pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha zenye viazi, kwa vitunguu vya kukaanga ukumbini, na Walt anatusomea wale waliotuvunja moyo kuliko wote. Kila jina tunagonga meza kwa kijiko, pigo moja kwa kila mechi aliyodumu. Wengine hawafiki hata pigo la pili. Tunacheka mpaka mbavu zinauma, na haki ya Mungu tunawapenda wote.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Yolanda, muuguzi anayenifunga kidonda cha mguu, alikuwa amemleta baba yake kutoka Alabama baada ya kufiwa na mkewe. Moyo wa mzee haukuwa mzima. Miezi mitatu hakutoka nje, kwa sababu wiki ya kwanza tu mtu alimtambua dukani akamzomea.

"Bi Irene, akiaibishwa tena anarudi kule kuishi peke yake," Yolanda aliniambia. "Na mimi najua hatamaliza mwaka."

Nikamjibu kwa huu mdomo wangu, "Mlete Jumapili kwetu ukumbini. Watu wa kanisani hao, nani atamsumbua?" Ilikuwa Jumapili gani, nilisahau kabisa.

Nilikumbuka pale Walt alipovaa miwani na kufungua daftari. Mzee kakaa meza ya nyuma, sahani mbele yake, na jina lake ni Curtis Pettway, mrusha mpira tuliyemchagua wa kwanza katika mwaka wetu mbaya kuliko yote. Vijana saba tulichukua mwaka ule. Sita waliondoka kabla ya theluji ya pili.

Nikainuka. "Walt, chakula kinapoa. Funga hilo daftari."

"Kaa chini, Irene. Mfalme wao hata sijamfikia."

Yolanda alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nilitamani ardhi inimeze.

"Curtis Pettway," Walt akasoma. "Siku alipochaguliwa nilinunua jezi yake, na mtoto wa mbwa wangu nikampa jina lake. Mbwa aliishi miaka kumi na minne na hakuwahi kudondosha mpira. Mechi kumi na moja."

Ukumbi ukacheka, vijiko vikagonga mpaka kumi na moja, vikanyamaza. Kisha kutoka meza ya nyuma kijiko kimoja kikagonga mara moja.

Walt akashusha miwani. "Nani huyo hajui kuhesabu?"

"Zilikuwa kumi na mbili," Pettway akasema. Alikuwa ameshasimama, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ile ya theluji, Desemba. Waliniingiza mwishoni."

Watu wakamtambua, kicheko kikafa. Nilimngoja Walt abishe, maana ndiyo kazi yake. Badala yake masikio yalimwiva wekundu.

"Ile ya theluji niliondoka mapumzikoni," akasema. "Miguu ilikufa ganzi. Nimewadanganya wote hapa miaka thelathini na sita." Akamgeukia mzee. "Nisamehe, ndugu yangu. Wewe ulibaki, mimi nilikimbia."

Akalichukua daftari na kalamu mpaka meza ya nyuma, akavuta kiti.

"Haya, niambie. Ulirusha?"

"Mara moja."

"Ukadakwa?"

"Ukadakwa."

Walt akaiweka kalamu tayari. Enzi zile mipira ya Pettway ilidakwa sana, tatizo wadakaji walikuwa wa timu pinzani. "Na nani?"

"Na wetu," Pettway akasema. "Yadi nne."

Walt akafuta kumi na moja, akaandika kumi na mbili, na pembeni yake akaandika nne. Halafu akachukua kijiko akagonga meza, na ukumbi mzima ukamfuata, wala hakukuwa na aliyehesabu. Yolanda alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha mezani, analia. Nikampelekea baba yake sahani ya pili. Akaonja, akaongeza vitunguu, akaniuliza kama Jumapili ijayo pia tunapika.