Nyundo ya Saimi Hyrkäs

Watu wa kijiji chetu cha Kuusilampi waliokula chumvi nyingi bado wanaukumbuka mlio wa nyundo ya Saimi. Ta! Kisha vipande vya kioo vikamwagika pipani. Kazi yake kwenye kiwanda cha vioo ilikuwa kukagua. Kila chombo cha maua kilichotoka kwenye tanuri la kupozea kilipita mikononi mwake. Alikiinua dirishani, akakipapasa, na akiona povu dogo kama yai la chawa, alikipasua papo hapo. Huruma hakuwa nayo hata chembe. Wapuliza vioo walimwogopa kuliko meneja.

Chombo chenyewe ni kile chenye mdomo wa kupindapinda kama ukingo wa ziwa, ambacho siku hizi watu wanakiweka sebuleni mpaka Japani. Siku zile hakikuwa na makuu. Kilipulizwa ndani ya kalibu ya mti yenye nusu mbili, na aliyezichonga kalibu hizo alikuwa mume wa Saimi, Eemeli, mtu mpole asiyeweza kugombana hata na mbwa. Alizilowesha majini kutwa kucha, maana mti mkavu ungewaka kioo cha moto kikiingia. Hata hivyo moto uliula mti kidogo kidogo, na kila chombo kilitoka kipana kuliko kilichotangulia. Vikifika sitini hivi, kalibu imekwisha, inapelekwa nyumbani kuwa kuni za sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Kijiji kizima kilioga kwa moto wa kalibu za Eemeli. Raha iliyoje! Hizi sauna za umeme za leo hazinukii chochote.

Nyumbani kwao, lakini, hakikuwamo chombo hata kimoja. Vizima viliuzwa, vibovu vilivunjwa. Wanawake wengine walivificha vibovu chini ya aproni wakatoka navyo. Saimi alisimama langoni akawasema mpaka wakavirudisha.

Katikati ya miaka ya hamsini akaja mhandisi mpya na kalibu za chuma, ili vyombo vyote vifanane. Eemeli akaambiwa kazi yake mwisho Juhannus, sikukuu yetu ya kiangazi. Hakulalamika. Siku moja tu, wakinywa kahawa, alisema:

"Imebaki kalibu moja, Saimi. Kaleva kaniahidi atanipulizia chombo cha mwisho Alhamisi, kwa kioo kitakachobaki. Nataka kiwe chetu."

"Kikiwa kizima, nitakipitisha. Kikiwa kibovu, usinitazame."

"Nakujua, mama. Ndiyo maana nimeichonga wiki mbili."

Jumatano ni siku ya sauna. Eemeli aliitoa kalibu majini alainishe ukingo, akaziweka nusu zote mbili kwenye benchi kando ya kuni, akaingia ndani kutafuta kisu. Saimi akaja kuchochea moto. Alifanya alichokifanya kwa miaka ishirini: akachukua nusu ya kalibu, akaitupa ndani ya jiko la sauna, akafunga kilango.

"Saimi! Nusu nyingine iko wapi?"

Saimi alikitazama kile kilango. Eemeli alitia mkono na koleo, akaichomoa nusu ikifuka moshi, akakimbia nayo mpaka ziwani. Alirudi amelowa hadi kiunoni. Pindo moja la kalibu lilikuwa limeliwa na moto.

"Mimi ninayeona povu lisiloonekana," Saimi alisema. "Na hii sikuiona?"

"Ilikuwa kwenye kuni. Ungejuaje?"

"Nigombeze basi, Eemeli!"

"Twende tukaoge. Mawe yameshika moto."

Upole ule ulimuuma kuliko matusi. Usiku huo hakula.

Alhamisi, Kaleva mpuliza vioo aliitazama kalibu, akakuna kichwa. "Bwana wee, hii ni kalibu au mkate ulioungua?"

"Puliza tu."

"Napuliza. Lakini mkeo akiipasua kazi yangu, sauna yenu siingii tena."

Ijumaa adhuhuri, kiwanda kikifungwa kwa sikukuu, Eemeli alikitoa chombo mwenyewe kwenye tanuri la kupozea, akakiweka mezani kwa mkewe. Watu waliokwisha kuvaa kofia wakasimama. Kilikuwa cha kijani hafifu kama maji ya ziwa. Upande mmoja ulipinda vizuri. Wa pili ulikuwa umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Eemeli aliangalia sakafu.

Saimi alikiinua dirishani. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye nyundo.

"Shemeji, amua upesi, viazi vinatungoja," alisema Kaleva, lakini hakuna aliyecheka.

Alipitisha kidole gumba kwenye ule uvimbe, pole pole, mahali ambapo moto wake mwenyewe ulikuwa umekula kazi ya wiki mbili ya mumewe. Pale mezani hakuwahi kusema uongo, na hakutaka kuanza siku ile.

"Kibovu," alisema.

Mtu mmoja nyuma aliguna.

"Kibovu, lakini kasoro hii si ya Eemeli, wala ya Kaleva. Nimeitia mimi. Nyundo hii nimepewa kwa kasoro zenu, si zangu."

Aliifungia nyundo kwenye saraka. Akavua aproni, akakifunga chombo ndani yake, akamshika mumewe mkono, wakatoka kwa lango kubwa, mbele ya wanawake wale wale aliowasema. Wakampisha njia.

Barabarani Eemeli alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima yule, machozi yakimdondoka kwenye masharubu.

"Saimi, umesema ni kibovu."

"Ni kibovu," alisema, akamkabidhi. "Kishike vizuri, usije ukakiangusha."